Mwana wa Tete na Vyombo vya Mama

Mji wa Kasongo, jimboni Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, una jina katika vitabu vya tiba, na jina hilo umelipata kwa watoto wake wadogo. Mwaka 1971 Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji, ilianza hapa mradi wa kupanga huduma za afya, kuanzia hospitali hadi vituo vya vijijini. Miaka kumi baadaye, 1981, jarida la The Lancet likachapisha uchunguzi wa mradi huo juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35. Ndani ya umri huo ndimo Kiswahili kilimomwekea mtoto maneno yake mwenyewe: kwanza husimama dede, kashika ukuta au mguu wa mtu, kisha huenda tete, hatua mbili na kuanguka, hatua tatu na kucheka. Watafiti wale walihesabu aliyechanjwa na asiyechanjwa, aliye hai na aliyezikwa, na ilikuwa sawa kabisa kuanza na hesabu hiyo. Lakini mtoto aliyenusurika na surua ana mchana mrefu mbele yake. Aufanyie nini? Daktari halijui hilo, mwalimu bado yuko mbali, na swali limebaki kwa mama, ambaye ana muhogo wa kumenya na maji ya kuteka.

Soko lina jibu lake: gari la plastiki, mwanasesere mwenye nywele za njano, simu bandia inayolia kengele, vyote vikiwa vimesafiri njia mbovu na bei ikipanda kila kituo. Wako pia washauri wanaomwambia mama atenge saa nzima ya kukaa chini acheze na mwanawe, kana kwamba saa hiyo imelala mahali ikisubiri kuokotwa. Majibu yote mawili yanakosea jambo lile lile. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu haombi kitu kipya wala saa ya peke yake. Anataka aingizwe katika shughuli inayoendelea tayari uani, apewe vyombo vichache visivyo na hatari, na anapofanya jambo ajibiwe. La mwisho hilo, kujibiwa, ndilo linalosahaulika upesi, na ndilo lenye ushahidi mzito kuliko mengine.

Utazame ua wa nyumba ya kawaida, Kasongo au kwa jirani zake wa Kabambare, jua likianza kupanda. Pana kinu na mchi, ungo, mkeka, sufuria za ukubwa mbalimbali, bidoni la njano, kikapu, kitenge kilichoanikwa, magunzi ya mahindi yaliyosukumwa pembeni. Kilimo cha mpunga kilienea Maniema na Waungwana wa karne ya 19, watu wa mfanyabiashara wa Zanzibar Tippu Tip na wenzake, na vyombo vya hapa vinafanana na vya pwani: mwanamke wa Pangani, pwani ya Tanzania, akiingia katika ua huu leo hatakuwa na haja ya kuuliza matumizi ya chombo hata kimoja. Kwa mtu mzima hivyo ni vyombo vya kazi. Kwa anayekwenda tete, kila kimoja ni jambo la kuchunguzwa. Mpe sufuria mbili tupu, kubwa na ndogo, na mwiko. Ataitia ndogo ndani ya kubwa, atafurahi, halafu atajaribu kuitia kubwa ndani ya ndogo. Itakataa. Ataisukuma, ataigeuza, ataigonga, na mwisho ataelewa kwa mikono yake jambo ambalo hakuna maneno yangemweleza: kwamba vitu vina ukubwa, na ukubwa haubembelezwi. Mpe kikombe cha plastiki na chungu ya mchanga mkavu. Atajaza, atamwaga, atajaza tena, mara ishirini, thelathini. Mkubwa anaona uchafu na upuuzi. Mtoto anarudia jaribio lake mpaka asadiki kwamba mchanga daima huanguka chini na kikombe kilichojaa daima ni kizito. Kijiko anachokiangusha makusudi kutoka mgongoni mwa mama, akakitazama, akasubiri kiokotwe ili akiangushe tena, ni jaribio la aina hiyo hiyo, ingawa sikatai kwamba safari ya saba linachosha.

Wenye nchi tajiri wamelifikia jambo hili kwa njia ya kuzunguka. Mlezi Mwingereza Elinor Goldschmied, aliyefanya kazi Italia baada ya Vita Vikuu vya Pili, alizoea kuwapa wachanga kikapu cha vitu vya nyumbani: vijiko vya mbao, brashi, vipande vya ngozi na nguo, vifuniko vya chuma, na plastiki hata moja isiwemo. Wakikua kidogo aliwapa makopo, minyororo na pete za kutia na kutoa, naye akakaa kando kimya akiwatazama. Kitabu alichokiandika pamoja na Sonia Jackson mwaka 1994 kinasomwa hadi leo na walezi wa Ulaya. Kwa maneno mengine, jambo ambalo ua wa Maniema hulifanya bila jina lilipata jina la kitaalamu na likawekewa mafunzo. Halafu kuna uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, uliochapishwa 2018: watoto 36 wa miezi 18 hadi 30 waliachwa wacheze, mara moja wakiwa na vitu 4, mara nyingine 16. Penye vitu vinne walikaa na kila kimoja muda mrefu zaidi na wakakitumia kwa namna nyingi zaidi. Penye kumi na sita waliruka kutoka kitu hadi kitu. Nyumba yenye vitu vichache, basi, haina sababu ya kuona haya mbele ya nyumba yenye vingi. Mwenye vingi analazimika kununua na kabati la kuvifichia.

Kitenge nacho kina kazi yake. Funika kikombe mbele ya macho ya mtoto wa miezi minane au tisa, uone kama atakifunua. Mwanasaikolojia Jean Piaget wa Uswisi aliwachezea wanawe mchezo wa namna hii katika miaka ya 1920 na 1930, na akajenga juu yake sehemu kubwa ya maelezo yake ya jinsi mtoto anavyokuja kujua kwamba kilichotoweka machoni hakijatoweka duniani. Bibi anayejifunika uso kwa kitenge na kujifunua ghafla anafundisha hilo hilo, tena na kicheko juu yake. Mboga nazo zimo. Mtoto wa miaka miwili anaweza kuchuma majani ya lengalenga kutoka kwenye mashina na kuyatia kikapuni, kazi inayokaza vidole na kumfundisha subira. Sombe mbichi asipewe, kwa sababu kila kitu chake huishia mdomoni, na jani la muhogo lisilotwangwa na kupikwa lina sumu.

Hata hivyo vyombo peke yake havitoshi, na hapa ndipo hoja inapoanza kuwa ngumu. Mtoto anaweza kushinda na sufuria mchana kutwa asisikie neno moja la kuieleza. Mwaka 1986 wanasaikolojia Michael Tomasello na Michael Jeffrey Farrar walichapisha uchunguzi mdogo uliosaidia sana kuonyesha jinsi maneno yanavyoingia. Waliona kwamba mtoto wa mwaka mmoja na nusu hulishika jina la kitu vizuri zaidi akitajiwa wakati macho yake yapo tayari juu ya kitu hicho. Mkubwa akimtoa kwenye alichokishika ili amwonyeshe kingine, neno halikai. Ni jambo dogo lenye matokeo makubwa kwa mama mwenye kazi nyingi, kwa kuwa linamwondolea mzigo wa kubuni somo. Mtoto amekwisha kulichagua. Ameshika mwiko, mama, mikono yake ikiwa kwenye muhogo, anasema, "Eh, umeshika mwiko! Mwiko wa kukorogea." Mtoto anasema "mwi". Mama anaitikia, "Ndiyo, mwiko." Kauli hizo mbili hazikuchelewesha hata kipande kimoja cha muhogo. Zingekuwa amri tu, "acha", "toka", "weka chini", mtoto angejifunza nazo pia, lakini angejifunza kwamba mikono yake ni usumbufu.

Je, neno la namna hii lina uzito wowote mbele ya njaa? Hilo ndilo pingamizi la kwanza, na si la kupuuzwa katika nchi ambayo uchunguzi wa kitaifa wa 2017 na 2018 ulikuta watoto kama 42 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa kimo. Jibu bora ninalolifahamu limetoka Jamaika. Katika miaka ya 1986 na 1987 mtafiti Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachukua watoto 129 waliodumaa, wa miezi 9 hadi 24, katika mitaa ya maskini ya Kingston, wakawagawa makundi manne. Kundi moja lilipewa kilo moja ya maziwa ya unga kila wiki. La pili lilitembelewa na mhudumu wa afya saa moja kwa wiki, akamwonyesha mama jinsi ya kucheza na kuzungumza na mwanawe kwa vitu vilivyotengenezwa kwa makopo, chupa na mabaki ya nguo; vitu hivyo viliachwa nyumbani na kubadilishwa ziara iliyofuata. La tatu lilipata yote mawili, la nne halikupata kimojawapo. Baada ya miaka miwili maziwa yalikuwa yamesaidia na michezo imesaidia, na waliopata vyote viwili walikaribia kuwafikia wenzao wasiodumaa. Kisha watafiti wakafanya jambo ambalo wachache huwa na subira nalo: wakangoja. Watoto wale walipofika umri wa miaka 22 walitafutwa tena, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Science mwaka 2014. Waliochezewa walikuwa wakipata mapato yaliyozidi kwa asilimia 25 yale ya wenzao ambao hawakuchezewa. Faida ya maziwa peke yake haikuonekana tena.

Nisomwe vizuri hapa. Hakuna anayesema chakula kisubiri. Kundi la Kingston lilikuwa dogo, na maziwa yale huenda yaligawanywa na nyumba nzima, kama ambavyo ingetokea Kasongo na kama ambavyo pengine ni haki itokee. Linaloonekana ni kwamba mchezo si anasa inayongojea shibe. Mtoto aliyekosa lishe hulegea, huchunguza kidogo, hulia kidogo, na kwa kuwa hasumbui huachwa mkekani peke yake. Mwili ulimpunguzia nguvu, sasa watu wanampunguzia maneno. Anayempa sufuria na kumwitikia anakata fundo hilo upande mmoja wakati upande wa pili, ule wa uji na karanga na mawese, ukiendelea kutafutiwa dawa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwangu, kwa sababu linatoka kwa mtu aliyekaa Afrika na kutazama. Mwanaanthropolojia wa Marekani David Lancy, aliyeishi miongoni mwa Wakpelle wa Liberia, aliandika mwaka 2007 kwamba mama kukaa chini na kucheza na mwanawe si desturi ya binadamu wote. Kwa maoni yake ni mazoea ya watu wa tabaka fulani katika nchi zilizoendelea, nao wanayasafirisha nje na kuwahubiria wengine kana kwamba ni dawa. Katika jamii nyingi mtoto hujifunza kwa kutazama, kwa kuiga, na kwa kucheza na watoto wenzake, karibu na wakubwa wanaofanya kazi. Marehemu Bame Nsamenang wa Kamerun aliandika mambo yanayokaribiana na hayo kuhusu Wanso tangu 1992: mtoto wa Kiafrika hulelewa kwa sehemu kubwa na kundi la watoto, huku akipewa wajibu mdogo mdogo tangu mapema. Na kaskazini mwetu, katika msitu wa Ituri, watafiti Edward Tronick na Gilda Morelli waliwakuta Waefe wakimpitisha mtoto mchanga mikononi mwa watu wengi kwa siku moja, mama akiwa mmoja wao tu.

Lancy ana haki katika nusu ya maneno yake, na nusu hiyo inanisaidia. Anayemfuata mama wa Kabambare na kumwambia apige magoti mbele ya vibao vya rangi anamletea mzigo na dharau kwa pamoja. Lakini soma tena anachokieleza: mtoto kuwa karibu na kazi, kuiga, kukabidhiwa kadogo. Huo ndio mchezo tunaouzungumzia. Kinu kidogo na kijiti cha mchi kando ya kinu kikubwa. Ungo wa zamani uliotoboka, wa kupepetea mchanga. "Niletee kijiko," kisha "mpelekee bibi kikombe hiki," maagizo ya hatua mbili ambayo mwenye miaka miwili na nusu huyatimiza kwa fahari ya mjumbe wa chifu. Ambapo sikubaliani na Lancy ni pale anapoelekea kudhani kwamba yaliyotosha zamani yatatosha kesho. Mtoto wa leo atakaa darasani mbele ya mwalimu anayemtaka aeleze, ajibu, aulize, na kutazama kimya hakumwandai kwa hilo. Kumwongezea maneno ndani ya desturi iliyopo hakubomoi desturi.

Na maneno hayo hayalazimiki kutoka kwa mama. Kila ua una yaya wake, kwa maana ya huku, dada au kaka mkubwa, msichana wa miaka minane au tisa mwenye mdogo kiunoni. Yeye ndiye mwalimu wa kwanza kwa saa, ukizihesabu, na mara nyingi ndiye mchezo wenyewe. Madaktari na walimu walioanzisha huko London mpango wa Mtoto kwa Mtoto, kwa ajili ya Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto wa 1979, David Morley akiwa mmoja wao, walilitambua hilo na wakaweka kucheza na wadogo miongoni mwa mada za kufundishia wanafunzi. Shule ya msingi inayowaambia watoto wa darasa la tatu watengeneze mpira wa majani ya migomba, wamsukumie mdogo na kumtajia "huu, lete, tupa", imewafikia wachanga mia bila kujenga chumba. Tahadhari ni moja: yaya naye ni mtoto. Akifanywa mlezi wa kutwa mpaka akakosa shule, tumempa mdogo kwa kumnyang'anya mkubwa.

Wazee wana neno lao: mtoto akizoea kuchezewa atadeka. Woga huo ungekuwa na msingi kama mchezo wenyewe ungekuwa kubebwa na kutumbuizwa. Anayetwanga mchanga wake mwenyewe hadeki. Anashughulika, na anayeshughulika humwacha mama kazi imalizike. Dakika kumi za sufuria na mwiko mara nyingi ni dakika kumi za amani. Siku zitakuwepo ambapo hazifiki tatu, na hakuna kanuni ya kuziongeza isipokuwa kubadilisha kitu: cha jana kifichwe, cha juzi kirudi, nacho kitaonekana kipya.

Hatari ndiyo inayodai umakini wa kweli, maana uani hapo hapo kuna mafiga, sufuria ya mawese yanayochemka, panga, na mafuta ya taa ndani ya chupa ya soda. Mtoto wa umri huu anaweza kuzama katika beseni lenye maji ya kufika kifundo cha mkono, bila kelele. Mchezo wa maji ni mtamu kuliko yote na haufai kuachwa peke yake hata kwa muda wa kujibu hodi. Karanga, maharagwe, vizibo na betri ndogo visiwe vitu vya kuchezea kwa aliye chini ya miaka mitatu, kwani huingia puani na kooni. Kipimo ni mdomo wake: kinachoingia chote ndani yake hakimfai. Kwa hiyo magunzi, ndiyo, punje, hapana. Wengine watasema basi afadhali simu, haina moto wala sumu. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, mwenye mwaka mmoja hali kadhalika, na wa miaka miwili asizidishe saa moja kwa siku. Sababu ni ile ile ya mwiko: simu husema sana lakini haimjibu.

Yapo maeneo ambako hata ua haupo. Upande wa Salamabila, penye dhahabu ya Namoya, mapigano ya makundi yenye silaha yamewahamisha watu mara kwa mara, na familia iliyokimbia na sufuria moja haiwezi kumwachia mtoto aigonge. Kitenge hubaki, mchanga hubaki, wimbo hubaki, na uso wa mtu hubaki. Kwa mtoto aliyeona watu wakikimbia, mchezo ule ule wa kujificha na kujitokeza, kila siku kwa namna ile ile, ni moja ya mambo machache yanayomwonyesha kwamba aliyeondoka anaweza kurudi.

Nani awaeleze wazazi haya? Huko Sindh, Pakistan, watafiti waliwafuata watoto 1,489 na kuchapisha matokeo mwaka 2014: wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake waliokuwa tayari wakizunguka nyumba kwa nyumba kwa ajili ya lishe na chanjo, waliongezewa kazi ya kuwaonyesha akina mama namna ya kucheza na kuitikia, na watoto wakasonga mbele katika akili, lugha na viungo. Maniema ina watu wa namna hiyo hiyo, wahudumu wa afya wa jamii wanaoitwa reko, na ina siku ya kupima watoto kilo, ambapo akina mama wengi hukaa pamoja wakingoja zamu, kila mmoja na mwanawe na kitenge chake. Mizani inaning'inia, mtoto analia, uzito unaandikwa kadini, chanjo inaangaliwa. Kabla mama hajamfunga tena mgongoni, pana nafasi ya swali moja lisilo na safu yake kadini: huyu, nyumbani, anacheza na nini, na nani humjibu?